Kibao cha Bi Hakuna

Kibao kiliandikwa HAKUNA NJIA kwa rangi nyekundu, na kilisimama katikati ya njia.

Kijiji kizima kilikijua. Mgeni akiuliza zahanati iko wapi, alielekezwa hivi: nenda na maduka mpaka mwisho, ukiona kibao kinasema hakuna njia, basi hapohapo pita, zahanati utaiona mbele yako. Wala watu hawakuwa wakimdhihaki mtu. Waliona ni jambo la akili ya kawaida tu, kwani mahali pasipo na njia nani angejisumbua kununua rangi?

Mwenye kibao alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye mdomo wake. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho. Wakubwa walimwita Bi Hakuna, wadogo wakamwita hivyohivyo, na yeye mwenyewe akibisha kwa mtu akaulizwa nani, alijibu, "Bi Hakuna," kisha akakasirika kwa kuwa amejibu. Uwanja wake ulikaa kati ya maduka kwa mbele na zahanati na shule kwa nyuma. Kuzunguka kulikuwa mwendo wa kumtoa mtu jasho. Kukata katikati, baina ya jiko lake na kamba ya kuanikia nguo, ilikuwa pua na mdomo. Kwa hiyo watu walikata.

Marehemu mumewe, mtu mpole, aliwaacha wakate. Alipokufa, Bi Hakuna alimaliza matanga, akanunua rangi.

Asubuhi, wa kwanza kupita alikuwa nesi wa zahanati, mwanamke mnene wa mbiombio ambaye hakuwahi kufika popote kwa wakati. Alipita mkono mmoja bado unafunga vifungo vya koti jeupe.

"Shikamoo, Bi Hakuna."

"Marahaba. Hukusoma?"

"Nimesoma. Binti wa fundi cherehani kajifungua."

"Kajifungua nini?"

"Wa kike."

"Wazima?"

"Wazima wote wawili."

"Haya, toka uwanjani kwangu."

Baada yake alipita mwenye mashine ya kusaga, aliyeacha nyayo nyeupe za unga kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho. Bi Hakuna alimfuata na ufagio, akimsema yeye, mashine yake na mama aliyemzaa, naye alimjibu kwa kumweleza nani kagombana na nani kwenye foleni ya kusaga. Wakafuata wanafunzi. Wakafuata wagonjwa, nao hawakusalimika, maana Bi Hakuna aliwauliza wanaumwa nini, akawaambia ni kwa sababu wanakula wakiwa wamesimama. Ikifika saa sita mchana alikuwa amegombana na nusu ya kijiji na anajua habari za nusu nyingine.

Katika kila mkutano wa kijiji alisimama kulalamika. Mwenyekiti, mtu mtaratibu aliyependa muhuri wake kuliko hata mkewe, alichoka kushtukizwa, akaanza kuandika kabisa kwenye ajenda: "Mengineyo. Uwanja wa Bi Hakuna."

Kisha maendeleo yakaja. Tusiyaseme vibaya, hayakuwa mabaya. Umeme ulifika, na watu wakaacha kuharibu macho kwa vibatari. Maji yaliingia ndani ya nyua, na migongo ya wanawake ikapumzika kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe. Barabara ya lami ililetwa mpaka zahanati, na wajawazito wakaacha kujifungulia njiani. Ukimkuta mtu anayeyalilia yale ya zamani, mwambie achote maji ya kisimani kwanza, halafu alie.

Kabla ya yote hayo alitangulia mpima ardhi. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, na kifaa chake cha miguu mitatu. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani ya kijiji kipya: viwanja vinyooke, mitaro ichimbwe, na kila njia inayotumiwa na watu ibaki, ijengewe kidaraja cha zege juu ya mtaro. Alifika uwanjani kwa Bi Hakuna saa ya jua kali, wakati watu wote wamejificha kivulini, akasimama mbele ya kile kibao.

"Samahani, mama. Hapa hakuna njia?"

Bi Hakuna alimtazama kutoka viatu mpaka kofia. Katika miaka yote ile alikuwa hajaulizwa swali hilo na mtu mwenye kuamini jibu.

"Wewe umekwenda shule?"

"Nimekwenda, mama."

"Basi soma."

Kijana alisoma. Alikuwa amefundishwa kwamba kilichoandikwa ndicho, akachora hivyo, ramani ikapigwa muhuri na Mwenyekiti kwa furaha kubwa, na Bi Hakuna akawa ameshinda.

Mtaro ulipita nyuma ya uwanja wake, mpana na wa kina, umepangwa mawe kwa ufundi. Vidaraja vilijengwa kwingine kote. Mbele, kando ya barabara, mradi wa barabara ulisimamisha ukuta wa matofali ili magari na mbuzi wasikutane, na yeye akapewa geti la bati lenye komeo. Kibao aliking'oa mwenyewe, akakiegemeza nyuma ya jiko. Hakikuwa na kazi tena.

Siku ya kwanza alifagia uwanja mzima, akavuta kiti, akakaa kuufaidi. Mistari ya ufagio ilikuwa imenyooka kutoka jikoni hadi kwenye kamba ya nguo, na hakuna mguu wa mtu uliokuja kuivuruga. Jioni mistari ilikuwa palepale. Kesho yake aliamka na kuikuta ilivyo. Akashika ufagio, akaona hakuna cha kufagia, akaurudisha. Siku zilizofuata alianza kufagia juu ya mistari ileile, ili tu mkono usisahau.

Upande wa pili wa ukuta kijiji kilipita kwenye lami. Nesi alipita kwenye pikipiki ya kukodi, bado amechelewa, ila sasa kwa kasi zaidi. Mwenye mashine alipita na mkokoteni wa magurudumu ya mpira. Bi Hakuna aliwatambua wote kwa sauti zao na kwa vikohozi vyao. Lakini sauti ya mtu anayepita haina habari ndani yake. Siku moja alisikia vigelegele upande wa shule, na hakujua vinamhusu nani. Alikaa na jambo hilo mpaka jua likazama, na lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Angeweza kutoka, bila shaka. Geti lilikuwa lake, na miguu ilikuwa yake. Lakini atoke aende wapi, akamwambie nani nini? Tangu awe mjane hajawahi kumtembelea mtu. Watu ndio waliomjia, tena akiwafukuza.

Asubuhi moja aliteleza kwenye sakafu ya saruji iliyozunguka bomba jipya. Alianguka kwa ubavu, nyonga ikalia, na mguu ukakataa amri. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Akajaribu kujikokota, maumivu yakampanda hadi kwenye meno. Basi akafanya alichokijua vizuri kuliko wote kijijini. Alipaza sauti.

"Nyie! Nyie mnaopita! Njooni hapa!"

Mwenye mashine alikuwa akipita na mwenzake. Bi Hakuna alimsikia akisimama, akisikiliza, kisha akisema kwa roho safi kabisa, "Unamsikia Bi Hakuna? Leo kaamka vizuri. Mungu ampe maisha marefu." Mkokoteni ukaendelea.

Kisha ikaja pikipiki, na sauti ya nesi juu yake akimhimiza dereva.

"Wewe nesi! Wewe! Wewe, nasema!"

"Sipiti kwako, Bi Hakuna!" nesi alijibu kutoka ng'ambo ya ukuta. "Niko barabarani!" Akaenda zake.

Alilala pale akaita mpaka koo likakauka, na kila aliyemsikia aliongeza mwendo kwa heshima. Mwisho alinyamaza. Alitazama uwanja wake kwa usawa wa ardhi, mistari ya ufagio imenyooka mpaka getini, akaogopa. Alikuwa hajaogopa hivyo tangu siku ya kumzika mumewe.

Aliyemkuta, jua likiwa limeanza kuinama, ni msoma mita wa maji, ambaye kazi yake ilimlazimu kuingia.

"Hodi!"

"Karibu," alisema Bi Hakuna. Neno lilitoka na kutu, maana lilikuwa halijatumika muda mrefu.

"Mama, mbona uko chini?"

"Nakungoja wewe. Acha kuuliza, niinue."

Nyonga haikuvunjika, ilishtuka tu. Lakini habari ilimfikia bintiye mjini, naye si mtu wa kucheza. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, aliuza saruji na misumari kwa wanaume waliozoea kubembelezwa, na hakumbembeleza hata mmoja. Alikuja siku ileile, akamtazama mama yake kitandani, kisha akaenda kuutazama uwanja.

"Mama, leo sibishani. Unakwenda kukaa kwangu."

"Kwako ni ghorofani."

"Kuna ngazi."

"Nitakaa huko nikitazama nini?"

"Na hapa unatazama nini?" Binti alikaa kitandani, sauti ikamlainika kidogo. "Nitajie mtu mmoja, mama. Mmoja tu anayekuona kila siku. Ukinitajia, nakuacha."

Bi Hakuna alifungua mdomo kwa ujasiri mkubwa. Alitaka kumtaja nesi. Alitaka kumtaja mwenye mashine, wanafunzi, na wale wagonjwa wa kula wamesimama. Akawaona wote mbele yake wakipita, kisha akakumbuka wanapita wapi siku hizi. Akafunga mdomo.

"Jumamosi nakuja na gari," binti alisema.

Mkutano wa kijiji uliangukia Alhamisi. Bi Hakuna alikwenda akichechemea na gongo, akakaa nyuma, akangoja barabara isifiwe, maji yasifiwe, na Mwenyekiti ajisifu. Mwishowe Mwenyekiti aligeuza karatasi, akashusha pumzi.

"Mengineyo," alisema. "Bi Hakuna."

Watu wakajiweka sawa kwenye viti, kama watu wanaosikia mvua inakuja na wameshaanua nguo.

"Nataka mpite," alisema Bi Hakuna.

Mwenye mashine alisimama polepole, kofia mkononi.

"Mwenyekiti, kwa niaba ya wenzangu naomba niseme hatujapita. Tangu mtaro uchimbwe hajapita mtu hata mmoja. Kama pameonekana nyayo, ni za mbuzi."

"Hakuna nyayo," alisema Bi Hakuna. "Ndiyo shida yenyewe. Nimesema nataka mpite."

"Tupite wapi?"

"Kwangu. Uwanjani kwangu. Kama mlivyokuwa mkipita zamani."

Watu walitazamana. Wengine walidhani ni mtego. Nesi, aliyekuwa amechelewa na kusimama mlangoni, ndiye aliyeelewa wa kwanza, na uso ulimbadilika.

"Siku ile ulipoanguka," alisema, "uliponiita... ulikuwa chini?"

"Nilikuwa chini."

"Mimi nilidhani unanifukuza."

"Ungejuaje? Miaka yote hiyo nilikuwa nakufukuza kwelikweli." Bi Hakuna alishika gongo kwa mikono miwili. Alikuwa amepanga maneno makali, lakini hayakutokea hata moja. "Sina mtu. Mlipokuwa mnapita nilikuwa na watu. Binti yangu anakuja kunichukua Jumamosi, na mimi sitaki kwenda. Basi, nimesema."

Akakaa. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alikohoa, akafungua ramani, akaikunja tena kwa masikitiko ya kweli.

"Bi Hakuna, kidaraja hujengwa penye njia. Na ramani inasema kwako hakuna njia."

"Nani kaiambia?"

"Kibao chako."

Ijumaa asubuhi, nyuma ya uwanja, mlango wa zamani wa nyumba ya mashine ulikutwa umelala juu ya mtaro, bawaba zake bado zipo. Mwenyekiti alifika kukagua. Aliuliza kama kile ni kidaraja. Mwenye mashine akamjibu kuwa ni mlango. Mwenyekiti alisoma kanuni zake zote na hakukuta mahali palipokataza milango, akaondoka ameridhika.

Basi wakapita. Jamani, walivyopita! Waliingia getini mmojammoja, taratibu, wamejipanga kama watu wanaokwenda kutoa rambirambi. "Samahani, Bi Hakuna, tunapita." "Pole na nyonga, Bi Hakuna." Mwenye mashine alikuwa amepangusa viatu, hakuacha hata chembe ya unga. Wanafunzi walipita kwa mstari, mwalimu wao nyuma yao. Nesi alifika mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea, akamwuliza kwa sauti ya hospitali kama amelala vizuri.

Bi Hakuna alijibu ndiyo, asante, karibuni, akaingia ndani akafunga mlango. Alilia. Hawa hawakuwa wanapita. Hawa walikuwa wanamwonea huruma, na huruma anaijua: wiki moja inakuja na mikono miwili, wiki ya pili inatuma salamu, ya tatu imesahau. Mtu hawezi kumwambia bintiye kwamba anaonwa kila siku na watu waliokuja kumpa pole.

Jioni alizunguka nyuma ya jiko, akakikokota kile kibao mpaka getini, akakigongomea palepale pa zamani huku nyonga ikimlaani. HAKUNA NJIA. Kama ni kupita, wapite kwa utovu wao wenyewe wa adabu.

Jumamosi binti alifika na gari mapema. Alifungasha nguo za mama yake, akaliweka begi mlangoni. Bi Hakuna alikuwa ameketi nje, ungo mapajani, anachagua mchele ambao hakuna aliyejua nani ataupika. Mbele yake uwanja ulikuwa umefagiwa, mistari imenyooka. Hakuna aliyepita. Huruma ilikuwa imeamka imechoka, kama alivyojua. Binti alitazama geti, akatazama saa, akatazama kile kibao.

"Na hiki umekirudisha cha nini?"

"Kinasema kweli. Uliza ramani."

"Haya, mama," binti alisema, akainama kuchukua begi. "Twende."

Geti lilisukumwa kwa bega likagonga ukuta. Nesi aliingia anakimbia, koti limefungwa vifungo vya kupishana, kipande cha mkate mdomoni. Pikipiki ilikuwa imepata pancha. Hakusema samahani. Alipita chini ya kamba ya nguo, shuka mbichi likamvaa usoni, akalitupa pembeni, mguu wake ukagonga ungo na mchele ukamwagika nusu.

"Wewe!" Bi Hakuna alinyanyuka kwenye kiti akiwa amesahau gongo. "Hukusoma? Uwanja wangu si barabara!"

"Nimechelewa!" nesi alijibu, mkate ungali mdomoni. "Nyonga?"

"Inauma!"

"Umesimama bila gongo. Inapona. Jioni nakuletea dawa ya kuchua."

"Usithubutu kupita hapa!"

"Napita hapahapa. Na mke wa mwalimu kajifungua mapacha!"

"Mapacha gani?"

Lakini nesi alikuwa ameshaukanyaga ule mlango juu ya mtaro, nao ukatoa kishindo, na akapotea upande wa zahanati.

"Mapacha gani, wewe!" Bi Hakuna alipiga kelele hewani. Damu ilikuwa imempanda mashavuni. Aligeuka kwa bintiye, mkono umeelekea mtaroni. "Umemwona? Umeona mtu asiye na haya? Jioni anarudi huyo, utaona! Na kesho hivyohivyo, wala hataniambia kama ni wa kike au wa kiume mpaka nimkimbilie!"

Binti alikuwa bado ameinama, mkono kwenye begi. Alimtazama mama yake aliyesimama bila gongo. Alitazama nyayo zilizokata mistari ya ufagio kutoka getini hadi mtaroni. Kisha akanyoosha mgongo, akalibeba begi, akalirudisha chumbani.

Alipotoka aliokota ungo, wakachagua pamoja mchele uliobaki, mpaka Bi Hakuna akakaa vizuri na pumzi zikarudi.

"Naenda zahanati," binti alisema, akijipangusa mikono. "Nikamwulize yule nesi hiyo dawa unachuliwa vipi. Na hao mapacha."

"Zunguka na barabara."

Binti alitazama upande wa barabara. Akatazama ule mlango juu ya mtaro.

"Hukuona kibao?" Bi Hakuna alimfokea.

"Nimekiona," binti alisema, akakata katikati ya uwanja.